Waya wa Tororo: kampuni mbili, ofisi moja, na mteja ambaye hakuulizwa

Ukiuliza watu wa Nairobi historia ya kampuni ya stima, wengi wataanzia pale KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ilipotolewa ndani ya Kenya Power mwisho wa miaka ya 90, na wengine wataanzia tu kwa mita za tokeni. Mimi naanzia 1954. Huo ndio mwaka kampuni iliyokuwa inauza stima Nairobi iliingia kwa mpango wa kuvuta umeme kutoka Uganda kupitia Tororo, mji wa Uganda ulio karibu na mpaka, na kwa sababu ya huo waya mmoja ikazaliwa kampuni ya pili, kampuni ambayo kwa zaidi ya miaka 40 iliendeshwa na watu wa ile ya kwanza. Nataka tuichambue polepole, juu naona maswali yote tunayopigana nayo saa hii, nani ajenge, nani abebe hasara, nani alipwe hata kama hakuna aliyetumia, yalijibiwa huko kwanza na sisi hatukuwa kwa hicho kikao.

Mwanzo nitapita haraka. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na jenereta ya kuwasha kasri lake na barabara za karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua, ikavushwa mpaka Mombasa, na hapo ikaanza Mombasa Electric Power and Lighting Company. Mwaka huo huo injinia mmoja, Clement Hirtzel, akapewa haki ya peke yake ya kuuzia mji wa Nairobi stima, ndiyo ikatokea Nairobi Power and Lighting Syndicate, na umeme wao wa kwanza ulitoka kwa maji ya mto Ruiru. Mwaka 1922 hizi mbili zikaungana zikawa East African Power and Lighting, ile wazee wetu walizoea kuandika EAP&L. Kutoka hapo ikawa inatanuka tu, 1932 ikanunua hisa za kutosha kuitawala kampuni ya stima ya Tanganyika, TANESCO, na 1936 ikapata leseni za kuzalisha na kusambaza Uganda. Kwa hivyo kufika vita vya pili vya dunia, kampuni moja yenye makao yake hapa Nairobi ilikuwa na mkono Kenya, Uganda na Tanganyika. Hii ndiyo maana ya hayo maneno East African kwa jina lake, walikuwa kweli wa kanda nzima.

Sasa kisa chenyewe.

Baada ya vita Nairobi ikaanza kukua kwa kasi, viwanda vinaingia, wazungu wapya wanakuja, reli inapanua karakana, na stima ikawa haitoshi. Ukiangalia vituo vilivyokuwa vinalisha huu mji unashtuka jinsi vilikuwa vidogo. Ndula, kule mto Thika, ilijengwa 1925 na ni kama megawati 2. Mesco ya 1933 haifiki hata nusu megawati. Wanjii ilikuja 1952, hiyo angalau ni megawati 7 na kitu. Vyote ni vituo vya mto unaopita, hakuna bwawa kubwa la kuweka akiba, kwa hivyo kiangazi kikikaza mto unapungua na mashine inapungua nayo, na pengo linazibwa kwa kuchoma mafuta ambayo yanatoka nje na yanakula pesa ya kigeni. Huwezi kuendesha mji unaopanuka kwa hiyo hesabu.

Huku upande wa pili, Uganda, mambo yalikuwa yamegeuka. Charles Westlake alikuja kufanya uchunguzi wa umeme wa Uganda baada ya vita na ripoti yake ikasema jengeni bwawa pale Owen Falls, Jinja, mahali Nile inatoka ziwani. Mwaka 1948 ikaundwa Uganda Electricity Board, bodi ya serikali, Westlake akiwa mwenyekiti wa kwanza, na bodi ikachukua biashara ya stima ambayo EAP&L ilikuwa nayo huko. Wacha nikazie hapa juu watu huruka: miaka sita kabla ya waya wa Tororo, kampuni ya Nairobi ilikuwa ndiyo yenye stima ya Kampala na Entebbe. Halafu serikali ya Uganda, ambayo bado ilikuwa ya mkoloni yule yule, ikaona umeme ni kitu cha umma, haiwezi kuachiwa kampuni ya kibinafsi ya jirani. Kenya hiyo haikufanyika. Wakoloni wale wale, Waingereza wale wale, lakini Entebbe wakachagua bodi ya serikali na Nairobi wakabaki na kampuni ya wenye hisa. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa kila kitu kinachofuata.

Bwawa likafunguliwa tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth mwenyewe akaja Jinja. Lilipangwa kufika mashine kumi za megawati 15, yaani megawati 150 kwa jumla, na Uganda wakati huo haikuwa na pa kuzipeleka. Ndoto ilikuwa Jinja igeuke mji wa viwanda, na kweli viwanda vingine vilikuja, cha nguo na cha kuyeyusha shaba ya Kilembe, lakini si kwa kasi ya kumaliza umeme wote huo. Mkopo wa bwawa nao hausubiri viwanda, unadai kila mwaka. Kwa hivyo Uganda ina umeme bila mnunuzi, Nairobi ina wanunuzi bila umeme, na katikati kuna zaidi ya kilomita 350 za milima, Bonde la Ufa na mashamba ya watu.

Wakakubaliana megawati 30 kwa miaka 50. Zisome tena hizo namba. Megawati 30 ilikuwa zaidi ya mara tatu ya Ndula, Mesco na Wanjii zikiwekwa pamoja, na miaka 50 ni mtu kuzaliwa, kusoma, kuoa na kupata wajukuu. Huo kwangu ndio mkataba wa kwanza mkubwa wa kununua umeme kwa muda mrefu katika historia yetu, babu wa mikataba yote tunayoisikia leo bungeni.

Swali likaja, waya nani ajenge? Laini ya voliti 132,000 kutoka Tororo, ipande ipite Lessos, ishuke Nakuru, Naivasha, mpaka kituo cha Juja Road hapa Nairobi, ni pesa nyingi ambazo zinarudi pole pole kwa miongo. EAP&L ilikuwa kampuni ya kibinafsi. Na mwaka huo huo wa 1954 iliingiza hisa zake kwa soko la hisa la Nairobi, ambalo ndilo lilikuwa linaanza, ikawa kati ya kampuni za kwanza kabisa humo. Mtu anayenunua hisa anataka gawio mwaka huu na mwaka ujao, hataki kuambiwa subiri miaka 30 laini ya Tororo ijilipe. Ndipo ikaundwa Kenya Power Company (si hii Kenya Power ya leo), 1954, kazi yake iwe kuvuta umeme wa Uganda kuleta Nairobi. Na kampuni hiyo ikaendeshwa na EAP&L kwa mkataba wa usimamizi.

Hapa ndipo nilikuwa nataka kufika. Kuna kampuni mbili kwa makaratasi, lakini wanaoamua ni wale wale. Kenya Power Company inashika mali nzito na madeni ya muda mrefu, inauza umeme kwa jumla kwa bei ya gharama, hakuna faida hapo. EAP&L inanunua kwa hiyo bei, inauzia mteja, na faida inabaki huko, inaenda kwa wenye hisa. Ni kama mama mwenye hoteli kuandikisha kibanda cha makaa kwa jina lingine, kibanda kinakopa, kinanunua makaa, kinauzia hoteli kwa bei ya kununulia, na faida yote inaonekana kwa sahani ya chapati. Siyo wizi, na sisemi ni wizi. Kwa mkopeshaji ni safi, kitabu kimoja kinaonyesha laini na deni lake tu, hakijachanganywa na nguzo za mtaani na mishahara ya wasoma mita. Kwa mwenye hisa ni safi pia. Mimi nikisoma naona mpango wa akili sana, na naona bila huo mpango Nairobi ingekaa gizani ama ingechoma mafuta mpaka uhuru.

Lakini mteja yuko wapi hapo? Gharama yote ya laini, pamoja na ile ya megawati za Jinja, inapitishwa kwake. Akitumia kidogo bado laini inadai. Akilalamika, kampuni inayomuuzia inasema sisi tunanunua tu, na kampuni inayouza kwa jumla inasema sisi hatupati faida hata senti. Wote wanasema ukweli, na simu zote mbili zinajibiwa na mtu mmoja.

Na tukumbuke Nairobi ya mwezi huo ilikuwaje. Tarehe 24 Aprili 1954, siku tano tu kabla Malkia afungue Owen Falls, wanajeshi wa Uingereza walizingira Nairobi kwa ile oparesheni ya Anvil ya kuwasaka Mau Mau, wakapita mtaa kwa mtaa wakiwachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru, maelfu kwa maelfu wakapelekwa kambini. Mitaa mingi ya Waafrika haikuwa na stima. Kwa hivyo mji ambao ulikuwa unatafutiwa umeme wa miaka 50 ni mji ambao wakazi wake wengi walikuwa wanatolewa na bunduki wiki hiyo hiyo. Laini yenyewe ikaja kupita juu ya boma za watu magharibi ya Kenya na Bonde la Ufa ambao hawakupata hata balbu moja kutoka kwake, juu voliti 132,000 huwezi kushusha kwa nyumba bila transfoma na kituo, na mpango wa serikali wa kupeleka stima mashambani ulikuja kuanza 1973. Mimi hii ndiyo inaniuma kwa kisa chote. Watu wamelala chini ya huo waya miaka mingi wakiwasha koroboi.

Laini ilikamilika mwisho wa miaka ya 50 na ikafanya kazi, tena vizuri. Ukishuka Juja Road upande wa Mathare ukiangalia juu utaziona zile minara ya chuma, nyaya nene zinaingia kituoni, watu wamejenga mpaka karibu kabisa, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza chini yake. Hapo ndipo Nile iliingilia Nairobi. Wengi wanapita hapo kila asubuhi na matatu bila kujua.

Kuna jambo lingine la miaka hiyo hiyo ambalo kwa mawazo yangu halijapewa uzito wake. Mwaka 1956 walianza kuchimba visima vya mvuke Olkaria, pale Naivasha, visima viwili. Havikutoa mvuke wa kutosha, wakaacha. Utafiti ukarudi kwa nguvu miaka ya 70 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mashine ya kwanza ya Olkaria, megawati 15, ikawashwa 1981. Kutoka 1956 mpaka 1981 ni miaka 25. Sisemi waya wa Tororo ndio uliua Olkaria, visima vyenyewe vilikataa. Ninachosema ni kwamba ukiwa na megawati 30 za maji ya jirani zinaingia, hakuna mtu ofisini atakayepigania kuchimba kisima cha tatu. Na laini yenyewe inapita Naivasha! Umeme wa Jinja ulikuwa unapita karibu na mvuke wetu wenyewe kwenda Nairobi, na leo huo mvuke ndio unaobeba sehemu kubwa zaidi ya stima ya Kenya.

Uhuru ulipofika ile kampuni ya kanda ikaanza kukatika vipande. Uganda ilikuwa imeshatoka 1948. Mwaka 1964 serikali ya Tanzania ikanunua hisa nyingi za TANESCO kutoka EAP&L. Mwaka huo huo Kenya ikaunda Tana River Development Company ya kujenga mabwawa mto Tana, na hii nayo ikaendeshwa na watu wale wale, mtindo ule ule wa 1954, kampuni mpya kwa kila mzigo mpya wa deni na ofisi ni moja. Kindaruma ikawashwa 1968, ya kwanza kwa yale mabwawa tunayoita Seven Forks, ikafuata Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988.

Sababu ya haraka yote hiyo inaeleweka. Mji mkuu hauwezi kutegemea swichi iliyo nchi nyingine, na Februari 1976 hofu hiyo ikapata sura, Idi Amin akasimama akadai sehemu ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Waya wa Tororo unapita huko huko alikokuwa anadai. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Ukiwa wewe ndiye mkubwa wa stima Nairobi 1976, hata mimi ningemwaga kila shilingi Tana. Jina ndilo lilikuja mwisho, 1983, East African Power and Lighting ikawa Kenya Power and Lighting, ndiyo hii Kenya Power ya leo, wakati kweli hakukuwa na kitu cha East African kilichobaki isipokuwa ule waya.

Na hapa ndipo natofautiana na wale wanaosifu Seven Forks bila kupumua. Tulitoka kumtegemea jirani mmoja tukaenda kuutegemea mto mmoja. Haya mabwawa yamepangwa kama ngazi, Masinga iko juu inashika maji, inayatoa, Kamburu inayatumia, kisha Gitaru, kisha Kindaruma, kisha Kiambere, maji yale yale yanazungusha mashine mara tano kabla yaendelee baharini. Kwa injinia hiyo ni raha tupu, hakuna tone linapotea. Lakini Masinga ikikauka zote tano zinakohoa pamoja. Hata bila kiangazi ukitaka kuona uzito wa sehemu moja, kumbuka tarehe 7 Juni 2016, tumbili alianguka juu ya transfoma pale Gitaru, megawati zaidi ya 180 zikapotea ghafla na nchi nzima ikazima. Watu walicheka sana hiyo siku. Mimi sikuona cha kucheka, juu mtandao ambao kituo kimoja kinaweza kuuangusha wote ni mtandao uliopangwa kwa kuegemea.

Kiangazi cha 1999 na 2000 kilifichua hiyo maneno yote. Mvua ilikosa, Masinga ikashuka, na wakati huo zaidi ya nusu ya stima ya nchi ilikuwa ya maji. Mgao ukaja. Waliokuwa Nairobi wanakumbuka, mtaa wako una masaa yake, na ukiwa unafanya kazi ya mikono kama sisi wa kuchomelea vyuma, unabadilisha maisha, unalala mchana unaamka stima ikirudi, mkubwa wa karakana anaita vijana usiku, "haya imerudi, amkeni", na kabla umalize geti la mtu imekatwa tena. Wenye pesa wakanunua jenereta, zile ndogo za kelele, mtaa mzima ukanuka petroli. Salonist, kinyozi, mwenye posho mili, kila mtu akahesabu hasara yake kivyake, hakuna mahali hizo hasara ziliandikwa pamoja.

Na angalia kampuni zilikuwa zimefika wapi wakati huo. Mwaka 1997 ndipo ule mkataba wa usimamizi ulivunjwa, Kenya Power Company ikatolewa kabisa, ikapewa watu wake na vituo vyake, 1998 ikaitwa KenGen. Ile kampuni ya laini ya Tororo ikawa ndiyo mzalishaji mkubwa wa nchi. Wafadhili walisukuma hiyo, wakitaka uzalishaji utengwe na uuzaji ili kampuni za kibinafsi ziingie, na tayari Iberafrica ya Wahispania na Westmont ya Wamalaysia zilikuwa zimeingia na mashine za mafuta. Sheria mpya ya umeme ikaja 1997 pamoja na bodi ya kusimamia bei. Kwa hivyo kiangazi kilipopiga, kampuni ya kuuza ilijikuta haina bwawa tena, ina mikataba ya kununua, inanunua umeme wa dizeli kwa bei ya juu, inauza umeme kidogo juu ya mgao, na ikala hasara miaka kadhaa mfululizo.

Hii ndiyo sehemu naomba watu waielewe, juu huwa tunamaliza hasira zetu kwa kampuni ya kuuza peke yake kana kwamba ndiyo inaamua yote. Mpango wa 1954 ulifanya kazi kwa sababu kampuni mbili zilikuwa na kichwa kimoja. Yule aliyekubali deni la laini ndiye aliyejua wateja wangapi wanaweza kulilipa. Mwaka 1997 vichwa vikawa viwili, halafu vitatu, vinne, 2008 ikaja KETRACO ya laini kubwa na GDC ya kuchimba mvuke, kila mmoja na bodi yake na mikopo yake, lakini anayekusanya pesa akabaki yule mmoja, mwenye mita mlangoni kwako. Kutenganisha haikuwa vibaya. Naona hata ilihitajika, na KenGen imefanya makubwa Olkaria tangu hapo, mwaka 2006 ilipouza asilimia 30 ya hisa zake kwa umma watu walipanga foleni mpaka barabarani. Kibaya ni kwamba lile jukumu la kuuliza "je, mteja ataweza hii?" halikukabidhiwa kwa mtu yeyote kati yao. Liliachwa hapo katikati.

Mfano wa karibuni unaonyesha wazi. Mradi wa upepo wa Turkana ulikuwa na mashine 365 za megawati 310 kwa jumla, zikawa tayari 2017. Laini ya kuzileta kutoka Loiyangalani mpaka Suswa, kilomita 428, ilikuwa kazi ya serikali, na kampuni ya Kihispania iliyopewa kandarasi ikafilisika njiani. Laini ikaisha Septemba 2018. Huo muda wote upepo unavuma, mashine zimesimama, na mkataba unasema mwenye mashine alipwe kana kwamba ameuza. Ukiweka kando na Tororo unaona tofauti bila kuelezwa. Miaka ya 50 waya na mji vilipangwa na mkono mmoja na vikakutana na bwawa la jirani. Turkana, mwenye upepo ni mwingine, mwenye waya ni mwingine, mwenye kuuza ni mwingine, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuwaambia wote watatu ngojeni.

Kuna mama wa duka hapa kwetu Umoja huwa ananiletea simu nimsomee ujumbe wa tokeni kila akinunua. Zile tarakimu 20 hazimsumbui, anaziingiza mwenyewe kwa mita. Kinachomsumbua ni mistari inayofuata, pesa uliyotuma, pesa iliyoenda kwa stima yenyewe, halafu makato mengine. "Fundi, hii ingine imeenda wapi?" Namwambia mama, hapo kuna ya mafuta yaliyochomwa, kuna ya dola ikipanda, kuna ya mfumuko wa bei, kuna ya maji ya mabwawa, kuna asilimia 5 ya kupeleka stima mashambani, kuna ya mdhibiti, kisha ushuru wa asilimia 16. Ananiangalia tu. Mimi nikizisoma hizo naona historia yote imepangwa mstari kwa mstari. Ya mafuta ni ya kiangazi na mashine za dizeli. Ya dola ni juu ya mikopo na mikataba iliyoandikwa kwa pesa za kigeni. Ya mashambani ni ya wale walioachwa chini ya waya. Na bei yenyewe ya yuniti imebeba malipo ya vituo ambavyo lazima vilipwe viwe vimewashwa au vimezimwa. Ujumbe hausemi hivyo, na nafikiri ungepaswa kusema. Mtu anayelipa shilingi 100 kwa simu ana haki ile ile ya kuelezwa kama mwenye hisa.

Mwaka 2021 serikali iliunda jopo la kuchunguza mikataba ya umeme, John Ngumi akiwa mwenyekiti, na Januari 2022 bei ikashushwa asilimia 15. Ilisaidia kwa muda. Lakini mikataba yenyewe mingi ilibaki, juu mkataba wa miaka 20 haubadiliki kwa tangazo.

Sasa tumeingia tena kwa kitu kinachofanana sana na cha 1954. Kuna laini kutoka Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,000, inashuka mpaka Suswa, na tangu Novemba 2022 tunanunua umeme wao, megawati 200 kwa miaka mitatu ya kwanza kisha 400, mkataba wa miaka 25. Ni umeme wa maji, ni bei nzuri ukilinganisha na dizeli, na mimi nauunga mkono kama ambavyo ningeunga mkono wa Jinja. Ila maswali ya Tororo bado yako pale pale. Mto wa jirani ukipungua tunategemea nini mwezi huo? Tukitumia kidogo kuliko tulichoahidi kununua, nani analipa? Laini inapita kaunti zipi, na watu wa chini yake wamewekewa transfoma zao ama watangoja miaka 20 kama wale wa Bonde la Ufa? Na kuna mtu ofisini bado anachimba kisima kinachofuata Olkaria wakati umeme wa bei nafuu unaingia kutoka kaskazini?

Kenya Power ina wateja zaidi ya milioni 9 leo, na serikali ina asilimia 50.1 ya hisa zake, kwa hivyo hakuna wa kusema hii ni siri ya kampuni ya kibinafsi kama ilivyokuwa enzi za EAP&L. Mkataba wa Ethiopia, wa upepo, wa kila kituo cha dizeli, uwekwe wazi kwa Kiswahili, bei, miaka, na kile kifungu cha kulipa bila kutumia, kabla haujasainiwa. Na anayeusoma wa kwanza awe ni yule ambaye jina lake liko kwa mita.